Mnada wa Sarafu Kwenye Mji Mdogo: Mwongozo Kamili wa Mkusanyaji

Ukiutazama kwa mbali, mnada wa sarafu wa mji mdogo ni kitu cha kawaida tu. Ukumbi wenye viti vya kukunja, meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, dalali mwenye kipaza sauti, na karani anayeandika pembeni. Sarafu nyingi hutoka kwenye mali ya marehemu: mzee amekusanya maisha yake yote, warithi hawajui hiki wala kile, basi wanampa dalali auze zote pamoja na makabati na saa za ukutani. Dalali huyo anajua kuuza. Sarafu anazijua juu juu. Hapo ndipo ilipo faida yako, na hapo hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu karatasi yake ya mafungu, yaani orodha ya vitu vinavyouzwa kimoja kimoja au kwa pamoja chini ya namba moja, inaweza kukosea kwa pande zote mbili. Sarafu adimu huandikwa "sarafu ya zamani", na ya bandia huandikwa "adimu sana".

Nimekaa kwenye viti hivyo miaka mingi, na nimefikia msimamo mmoja: sarafu hununuliwa mezani wakati wa ukaguzi. Ukifika wakati wa kunyanyua kibao, kile chenye namba yako cha kutilia dau, kazi iwe imeshakwisha. Ndiyo maana sehemu ya ukaguzi hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka nyumbani

Itafute orodha ya mafungu mapema, kisha umpigie simu dalali umuulize mambo manne: ukaguzi unaanza na kuisha saa ngapi, ada ya mnunuzi (inayoongezwa juu ya dau lililoshinda) ni asilimia ngapi, kodi inatozwa juu ya nini, na malipo yanapokelewa kwa njia gani. Majibu yake yaandike. Minada haifanani, na mazoea ya mnada uliopita hayakusaidii kwenye huu.

Ukishapata orodha, chagua mafungu machache unayoyataka kweli. Kumi yanatosha. Kila sarafu uliyoichagua itafutie mwaka, kiwanda kilichoipiga, uzito wake halisi na upana wake. Chukua mfano wa dola za zamani za fedha za Marekani zinazoitwa Morgan, ambazo hujitokeza sana kwenye minada. Zilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, halafu tena 1921. Kiwanda cha Philadelphia peke yake kilipiga zaidi ya milioni 44 mwaka 1921. Kiwanda cha San Francisco kilipiga 100,000 tu mwaka 1893. Ukiziweka mbili hizo sambamba, sura ni ile ile na ukubwa ni ule ule. Tofauti ni mwaka, na herufi S ndogo iliyo nyuma, chini ya shada la majani. Mkusanyaji asiyejua kuitazama herufi hiyo anatembea gizani.

Usiitegemee idadi iliyopigwa peke yake. Chini ya sheria ya Marekani ya 1918 inayoitwa Pittman, dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa. Sarafu iliyopigwa kwa wingi inaweza leo kuwa haba, na iliyopigwa kidogo ikawa imehifadhiwa vizuri kwenye maghala ya benki ikabaki nyingi. Kinachokupa picha ya kweli ni bei zilizolipwa kwenye minada iliyopita. Bei wanazoomba wauzaji ni matamanio yao, usizijengee hesabu.

Hesabu pia thamani ya madini, kwa sababu hiyo ndiyo sakafu ya bei. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha madini safi, gawanya kwa 31.1035, ambazo ndizo gramu za aunsi moja ya madini ya thamani, halafu zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo. Dola ya Morgan ina gramu 26.73 na asilimia 90 ya fedha, kwa hiyo ndani yake mna gramu 24.06 za fedha safi, sawa na aunsi 0.7734. Shika na miaka ya mpito ya madini. Sarafu za fedha za Uingereza zilikuwa na asilimia 92.5 mpaka 1919, zikashushwa hadi asilimia 50 kuanzia 1920, na kuanzia 1947 zikawa za shaba na nikeli. Ukikuta boksi limeandikwa "fedha ya Uingereza" na sarafu zake ni za 1948, kazi ya boksi hilo imeisha. Sogea mbele.

Mkobani weka lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10, taa ndogo, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kipimo cha upana, na kitambaa laini. Sumaku ndogo pia inafaa, ila uiviringishe kwenye karatasi isije ikakwaruza. Beba daftari na penseli. Kalamu ya wino usiisogeze karibu na sarafu za watu.

Hatua ya 2: Meza ya ukaguzi

Fika mlango unapofunguliwa. Saa ya mwisho meza huzungukwa na watu, mwanga unazibwa na mabega, na msimamizi amechoka kufungua kabati la kioo kila dakika. Asubuhi na mapema atakuvumilia. Msalimie, jitambulishe, omba ruhusa kabla ya kutoa mizani. Wengi hukubali ukiomba vizuri.

Shika sarafu kwa ukingo wake, kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa, ili ikikuponyoka isigonge mbao. Usizungumze ukiwa umeinama juu yake. Tone dogo la mate lisiloonekana leo huwa doa baada ya miezi, na sarafu hiyo bado si yako.

Anza na mwanga. Zima mawazo ya bei, washa taa yako, iweke upande mmoja, kisha uizungushe sarafu polepole chini yake. Sarafu ambayo haijachakaa ina mng'ao unaotembea: utaona mkanda wa mwanga ukizunguka usoni kama spoku za gurudumu, ukipita juu ya shavu, ukiruka herufi, ukirudi ulikotoka. Mng'ao huo hutokana na mistari midogo mno iliyoachwa na chuma wakati sarafu ilipogongwa. Kitambaa cha kusugulia kikipita mara moja, mistari hiyo haipo tena, na hakuna wa kuirudisha. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa, lakini mwanga wake umesimama pale pale. Ukiitia kwenye lenzi utaona mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikilala upande mmoja, halafu kwenye kona za herufi, mahali kitambaa hakikufika, utakuta uchafu mweusi umebaki. Sarafu ya miaka 130 iliyo nyeupe kama sahani mpya huku herufi zake zimechakaa, hiyo imesafishwa. Iondolee sehemu kubwa ya thamani uliyokuwa umeifikiria.

Kisha angalia uchakavu kwenye sehemu zilizoinuka. Kwa Morgan ni nywele za sura ya mwanamke, zilizo juu ya sikio upande wa mbele, na kifua cha tai upande wa nyuma. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo nenda taratibu: kifua cha tai kilicho bapa si lazima kiwe kimechakaa. Kuna sarafu zilizogongwa kwa nguvu ndogo tangu kiwandani, na zile za kiwanda cha New Orleans zinajulikana kwa hilo. Zitofautishe kwa mng'ao. Kama mwanga unatembea mpaka juu ya ile sehemu bapa, udhaifu ni wa kiwandani. Kama pale juu pamegeuka kijivu kisichoakisi, ni uchakavu wa mikono ya watu.

Hali ya sarafu hupimwa kwa daraja kuanzia 1 hadi 70, mfumo aliouanzisha William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumika. Tofauti ya 63 na 65 jicho lisilozoea halioni chochote, lakini kwenye bei inaweza kuwa maradufu au zaidi. Ushauri wangu: andika daraja unaloliona, kisha piga hesabu zako kwa daraja lililo chini yake. Mezani sote tunaona kile tunachotamani kukiona.

Geuza sarafu. Geuza kila sarafu. Kwenye moja ya minada yangu ya mwanzo nilinunua dola ya fedha niliyoiona kupitia kifuko cha plastiki, upande wa uso tu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na niliona haya kumsumbua msimamizi. Nyumbani nikaitoa. Nyuma, juu ya bawa la tai, palikuwa na uvimbe mdogo wa risasi ya kulehemu, na kuuzunguka pamesuguliwa na tupa. Kuna mtu aliwahi kuitengeneza bizimu ya kifuani. Uso ulikuwa mzuri ajabu, nyuma imekufa. Sikuwa na wa kumlaumu, kwani masharti yalisema wazi kwamba kila kitu kinauzwa kama kilivyo. Ndiyo hasara ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tangu siku hiyo nauangalia na ukingo wote, hasa sehemu ya juu, mahali ambapo pete ya mkufu hulehemewa, na matundu yaliyozibwa ambayo rangi yake hupishana kidogo na ya sarafu.

Sasa za bandia. Mizani ndiyo rafiki wa kwanza. Morgan halisi ina gramu 26.73 na upana wa milimita 38.1. Iliyochakaa inaweza kupungua kidogo. Iliyozidi kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya gramu iwekee shaka kubwa. Fedha na dhahabu hazivutwi na sumaku, kwa hiyo ikinata, maliza hapo. Isiponata bado hujathibitisha kitu, maana shaba na risasi nazo hazinati. Zilizomiminwa kwenye kalibu zina dalili zake: herufi laini zisizo na kona kali, vipele au vishimo vidogo kwenye uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala herufi, na wakati mwingine mstari wa kiungo unaozunguka ukingo.

Bandia mbaya zaidi ni sarafu halali iliyofanyiwa ufundi: dola ya 1893 ya Philadelphia inabandikwa herufi S ili ipae bei. Uzito ni sahihi, fedha ni sahihi, mng'ao ni sahihi. Angalia mzizi wa herufi kwa lenzi. Herufi ya halali imeota kutoka kwenye uwanja wa sarafu. Iliyobandikwa ina ufa mwembamba au kivuli cha gundi kuizunguka. Isitoshe, 1893-S zote, yaani zile halali za San Francisco, zilipigwa kwa muhuri mmoja tu wa upande wa uso, na muhuri huo uliacha kijistari cha mshazari juu ya herufi T ya neno LIBERTY. Kisipokuwepo, weka chini. Jifunze alama za namna hii kwa kila sarafu ghali unayoiwinda kabla hujaondoka nyumbani. Mezani hakuna muda wa kujifunza.

Nyingine ambayo si bandia lakini huwapoteza watu ni taleri ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki 1780, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 kwenye viwanda kadhaa, pamoja na Vienna, Roma, London na Bombay, hadi ndani ya karne ya 20. Ina gramu 28.07 na asilimia 83.3 ya fedha, ni nzuri, ina historia nzito. Ila tarehe yake haikuambii umri wake. Orodha ikisema "sarafu ya fedha ya 1780", dau lako liwe la fedha iliyomo mpaka uwe na sababu ya kuongeza.

Sarafu zilizofungwa kwenye plastiki ngumu na makampuni ya kupima hali ya sarafu, kama PCGS na NGC, zina namba ya cheti. Iingize namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni hapo hapo kwa simu yako, ulinganishe mwaka, kiwanda na daraja, na picha kama ipo, kwa sababu plastiki nazo hughushiwa. Vifuko vya makampuni usiyoyajua vichukulie kana kwamba havina maandishi: pima sarafu mwenyewe.

Mwisho ni maboksi ya mchanganyiko. Mimi hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wengi huyapita kwa kukosa subira. Yamwage kwenye kitambaa, tenga za fedha, hesabu vipande, andika idadi. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: dakika chache kabla ya ukaguzi kufungwa, rudi ulitazame boksi lako tena. Kuna watu wasio waaminifu wanaohamisha sarafu nzuri kutoka boksi moja kwenda jingine ambalo wao wanalitaka. Ukikuta imepungua, mwambie msimamizi kwa upole papo hapo, na ushushe dau lako.

Hatua ya 3: Andika kikomo chako

Kwa kila fungu andika namba moja. Isiwe "kati ya hapa na pale". Anza na kiasi chote ulicho tayari kutoa mfukoni, kisha urudi nyuma. Tuseme uko tayari kutoa 200, ada ya mnunuzi ni asilimia 15, na kodi ya asilimia 5 inatozwa juu ya jumla. Zidisha 1.15 kwa 1.05, upate 1.2075. Gawanya 200 kwa hiyo: 165 na kitu. Basi dau lako la mwisho ni 165. Anayepandisha hadi 200 akidhani hapo ndipo penye kikomo, karani atamdai zaidi ya 241, na atakuwa ameshachelewa.

Hatua ya 4: Ukumbini

Jiandikishe, chukua kibao, na usikilize masharti yanaposomwa hata kama uliyasikia mnada uliopita. Kaa nyuma au pembeni, mahali unapowaona wanunuzi wengine. Mafungu machache ya kwanza usitie dau, tazama tu. Utamjua mfanyabiashara anayenunua kwa bei ya madini na kuacha hapo hapo, utamjua mkusanyaji anayetaka kitu kimoja kwa moyo wote, na utajua dalali anapandisha kwa hatua gani.

Madalali wengi huanza kwa kutaja bei ya juu, kimya kinatanda, wanashuka, mtu anaingia chini, ndipo inaanza kupanda. Usiwe wa kwanza kuitikia ile ya juu. Wawili wakiwa wanapandishana haraka, waache. Ingia mmoja anapotikisa kichwa, na nyanyua kibao wazi, juu, dalali akione. Dau la nusu hatua unaweza kuliomba kwa mkono au kwa kutaja namba. Wengine hukubali, wengine hukataa, kuomba si kosa.

Tegea sikio sana dalali anapouza sarafu kadhaa kwa pamoja. Mara nyingi bei hutajwa ya kipande kimoja, kisha huzidishwa kwa idadi. Ukinyanyua kibao kwa 30 kwenye fungu la sarafu 20, umenunua kwa 600, kabla ya ada. Kama hukusikia vizuri, uliza kwa sauti kabla dau halijaanza. Hakuna atakayekucheka, na dalali mzuri hupenda kuulizwa wakati huo kuliko baada ya nyundo kugongwa kufunga mauzo.

Ukifika kikomo, weka kibao chini ya paja. Nasema hivyo kwa maana yake halisi, chini ya paja. Mkono una tabia ya kupanda wenyewe mtu wa mbele anapogeuka kukutazama. Na mtu akikunong'oneza kwamba msishindane ili baadaye mgawane, kataa. Mapatano ya namna hiyo humnyang'anya mrithi haki yake, na katika nchi nyingi ni kosa kisheria. Uingereza ina sheria yake dhidi ya wafanyabiashara wanaofanya hivyo tangu 1927.

Hatua ya 5: Baada ya nyundo

Lipa, chukua risiti yenye namba ya fungu, na kabla hujavuka mlango fungua kila kifuko ulinganishe na daftari lako: mwaka, alama ya kiwanda, idadi, uzito. Kosa la karani hurekebishwa kwa dakika moja ukiwa bado ndani. Ukishaondoka, ni neno lako dhidi ya lake.

Nyumbani usioshe wala usisugue chochote. Toa sarafu kwenye vifuko vya plastiki laini yenye harufu, kwa sababu aina ya PVC huoza polepole na kuacha utando wa kijani unaokula madini, na uhamishie kwenye vifuko visivyo na PVC. Halafu andika: tarehe, fungu, bei ya nyundo, jumla uliyolipa, daraja uliloliona, na sababu ya kuinunua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari yenyewe ni sehemu ya mali. Andika na bei za mafungu uliyoyakosa, kwa kuwa hizo ndizo zitakazokuongoza kwenye mji huo huo safari ijayo.

Kama fungu ulilolitaka halikuuzwa kwa sababu halikufikia bei ya chini ya mwenye mali, usiondoke kimya. Subiri ukumbi upungue, mfuate karani, mwachie namba ya fungu, dau lako na simu yako. Nimewahi kupigiwa siku mbili baadaye.